Kanga za Fundi Ndege

Kwa miaka tisa niliyouza kanga na vitenge pale Katoro, mteja wangu mwaminifu kuliko wote alikuwa mwanamume asiye na mke. Alikuwa haombi kupunguziwa, hachagui kwa kupapasa, na wala hasomi maandishi. Mwanamke akija kununua kanga, jambo la kwanza anasoma imeandikwa nini, maana hutaki kumtupia jirani neno bila kukusudia. Yeye maandishi hayakumhusu. Alikuwa anaitoa kanga nje juani, anaitandaza chini kwenye vumbi huku mimi nikipiga kelele kwamba ananiharibia mali, kisha anarudi nyuma hatua ishirini na kuitazama kwa jicho moja.

"Mama Kulwa," ananiuliza kutoka huko, "mtu akiwa mbali, hii atajua ni nguo ya mwanamke?"

"Atajua ni nini kingine? Ngozi ya ng'ombe?"

"Wabeja," anasema, ndiyo asante ya Kisukuma, na anaichukua. Ya rangi ya chungwa, nyekundu, manjano. Zile za bluu alizikataa zote kwa sababu alisema zinafanana na turubai.

Sokoni walimwita Fundi Ndege, kwa kuwa kabla ya kuja Katoro alikuwa akitengeneza ndege. Mimi nilimwita Fundi basi. Karakana yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na kibanda changu. Alikuwa anatengeneza pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu, majenereta, na zile mashine za kusagia mawe tunazoziita karasha. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitasema, kwanza sijui vizuri, na nilipomuuliza alijibu tu, "Huku huku."

Namwandika kwa sababu moja. Mara tatu alitaka kuniambia jambo lililokuwa likimkaba roho, na mara zote tatu nilimfunga mdomo. Halafu ikaja siku ambayo mimi ndiye niliyetakiwa kufungua mdomo kwa ajili yake, na sikuufungua. Nimejaribu kulisahau hilo, limekataa.

Nianze na spana zake. Alikuwa na sanduku la chuma la kijani, na ndani yake kila kifaa kilikuwa na kitanda chake alichokichora kwa rangi nyeupe. Spana namba kumi ililala kwenye umbo la spana namba kumi, bisibisi kwenye umbo la bisibisi. Kabla hajaanza kazi anahesabu kwa sauti. Akimaliza kazi anahesabu tena. Vilikuwa vifaa thelathini na kimoja, na hakuna pampu iliyowashwa Katoro nzima kabla Fundi hajafika thelathini na kimoja.

Hili liliwatesa wachimbaji. Shimo linajaa maji, vijana wanasubiri kushuka, bosi wa duara anapiga miguu chini, na duara kwao ndilo shimo lenyewe pamoja na watu wake. Halafu mzee yuko kwenye matope kwa magoti anatafuta bisibisi ndogo. Siku moja lilikosekana koleo. Walimwambia, "Mzee washa, koleo tutakununulia jipya." Akawajibu, "Koleo jipya halitatoka kwenye injini." Wakatafuta kwa saa nzima. Lilikuwa mfukoni mwa kijana mmoja aliyeliazima ili afunge viatu vyake kwa waya, akasahau. Fundi hakumgombeza. Alilipangusa, akalilaza kitandani pake, akasema, "Thelathini na kimoja," na akavuta kamba ya jenereta.

Mimi nilimcheka. Nilimwambia hata kuku wangu siwahesabu hivyo.

"Kuku akipotea, unakosa mchuzi," alisema. "Spana ikipotea ndani ya ndege, wanakosekana watu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, neno moja analitoa kavu, halafu anarudi kwenye kazi yake kana kwamba hakusema kitu.

Sasa kuhusu wanawake. Mwanamume anayenunua kanga kila baada ya wiki mbili, na hakuna aliyewahi kuona kanga hata moja kwenye kamba ya nyumbani kwake, unategemea watu waseme nini? Walisema ana mmoja Bulyanhulu, mmoja Ushirombo, na mwingine anauza pombe huko porini. Muuza dagaa wa upande wa pili alisema ameoa kimyakimya mara nne. Mimi nilikuwa mjane, naye alikuwa akinywa chai yangu kila asubuhi akiwa ameketi kwenye kigoda changu, na sitajifanya mtakatifu: yale maneno yaliniuma. Sikuwa na haki ya kuumia lakini niliumia.

Nikamvaa siku moja. Nikamwambia, "Fundi, na mimi ni mtu mzima. Hizi kanga zinakwenda kwa nani?"

Akaweka kikombe chini. Alinitazama, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. "Ngoja nikueleze, Mama Kulwa. Kule nilikokuwa, kabla sijaja huku..."

"Usinieleze," nikamkata kauli. "Habari za nyumba zako ndogo kawaeleze wanaume wenzako."

Ile ilikuwa mara ya kwanza. Alimaliza chai, akasuuza kikombe kama kawaida yake, akaenda kuhesabu spana.

Jambo lililonichanganya ni kwamba mtu yule aliipenda ndege. Ukimuuliza habari za nchi alikofanyia kazi, anakuwa bubu. Alisema tu ni mbali, upande wa magharibi, na kwamba kulikuwa na vita porini kati ya serikali na waasi. Alikwenda kwa mkataba, fundi wa kigeni miongoni mwa mafundi wa kigeni. Lakini muulize habari za ile ndege yenyewe, ulimi unafunguka. Haikuwa ndege ya jeti ya kupasua masikio. Ilikuwa ndogo, ya propela moja puani, na viti viwili, rubani mbele na mwenzake nyuma, kama watu waliopakizana kwenye pikipiki. Ukiiona chini ungesema ni ya kufundishia wanafunzi. Lakini mabawani ilikuwa na bunduki, na chini ya mabawa ilibeba mabomu, na tumboni kamera iliyogeuka huku na huku kama jicho la kinyonga.

"Ni ndege ya vita vya watu maskini," alisema. "Haili mafuta. Inatua hata kwenye njia ya vumbi. Injini yake ukiitunza, inakutunza."

"Na hizo za jeti?"

"Za jeti zinapita. Hii inakaa. Saa tano, saa sita, iko juu ya mtu inamzunguka tu taratibu, na mtu yuko chini anapika ugali."

Aliposema hivyo alikuwa akiichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, na aliichora vizuri mno, kila mstari mahali pake. Nikamwonyesha kwa kidole cha mguu vile vitu vya chini ya mabawa. "Na hayo aliyekuwa akiyafunga ni nani?"

Chaki ikasimama. "Kulikuwa na watu wa mabomu na watu wa injini," alisema. "Mimi nilikuwa wa injini. Lakini ndege hairuki mpaka mtu wa injini aweke saini. Mama Kulwa, kuna asubuhi moja..."

Wakati huohuo akaingia mteja wangu, mama mmoja wa Bukombe anayenunua doti kumi kwa mpigo kwa ajili ya harusi. Mteja kama huyo huwezi kumwacha asimame. Nikamwambia Fundi, "Nakuja." Nilirudi baada ya saa nzima. Mchoro alikuwa ameufuta kwa mguu, na alikuwa chini ya jenereta, na mimi sikuuliza tena. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Nimetaja saini. Hapo palikuwa na kichekesho kingine cha Katoro. Fundi alikuwa amesoma, alikuwa na vitabu vinene vya mashine kwa Kiingereza na aliviandikia pembeni kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Lakini hakuweka saini mahali popote. Kwa mtendaji, kwenye kikao cha soko, kwenye daftari la mahudhurio ya msiba, aliomba kidau cha wino na kupiga dole gumba kama bibi wa miaka tisini. Binti yangu Doto alipoolewa Kahama tulimwomba awe shahidi, akakubali kwa furaha, akavaa koti. Lilipoletwa daftari kanisani, akamnong'oneza padri kama kuna wino. Wakwe zangu walinitazama. Niliona haya, nikamwambia baadaye kwamba amenidhalilisha, mtu mzima anajifanya hajui kuandika. Aliomba radhi mara mbili na hakujitetea.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Kila Jumapili alikuja na hakuna Jumapili niliyomwona akienda kupokea komunyo. Tulidhani ni kwa sababu ya wale wanawake wanne.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya ndege ya kupima ardhi. Wakati ule kulikuwa na kampuni fulani ikitafuta miamba, na walikuwa na ndege ndogo ya propela inayoruka chini, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, na mlio wake kama mashine ya kusaga nafaka. Sisi tulikuwa tumeizoea. Watoto waliipungia mikono. Siku hiyo Fundi alikuwa ametoka kulala na homa, hakuwa amesikia habari zake. Ndege ikaja. Nikamwona anatoka karakanani mikono imejaa grisi, anaingia kibandani kwangu bila hodi, anakamata kanga mbili nyekundu zilizokuwa zimetundikwa, na kukimbia nazo mpaka katikati ya uwanja wa soko. Akazitandaza juu ya kichwa chake, mikono wazi, akizunguka polepole. Alikuwa akipiga kelele, "Kuna akina mama! Kuna akina mama hapa!"

Soko zima liliangua kicheko. Bodaboda walipiga honi. Ndege ikapita na shughuli zake. Fundi alibaki amesimama pale, kanga zimemfunika mabega, na mimi nilikwenda kumnyang'anya mali yangu yenye grisi.

Kesho yake alikuja kulipa zile kanga na kuniomba msamaha. Akasema, "Nataka ujue kwa nini." Na mimi nilikuwa bado nimenuna, maana watu walikuwa wamenitania usiku kucha kwamba mchumba wangu amerukwa na akili. Nikamwambia, "Fundi, nenda hospitali wakupime kichwa." Akainamisha macho. Ninayaona macho yale hadi leo.

Sasa nifike siku niliyoikimbia.

Machimbo ya kule, kwenye mashimo yenyewe, mwanamke hakanyagi. Akina mama wanaponda mawe na kuosha mchanga kule kwenye maji, sawa, lakini mdomoni mwa duara hapana. Wamepanga mawe meupe kuzunguka eneo, na ukifika kwenye yale mawe unasimama na kuita. Chakula unakiacha hapo. Wanaamini mwanamke akivuka, dhahabu inakimbia. Mwanangu Kulwa alifanya kazi huko na hata mimi mama yake nilisimama kwenye mawe. Si mwanamke tu, hata nguo yake haivuki.

Na huko ndiko kanga zangu zilikokuwa zikienda. Fundi akitengeneza pampu, anapanda juu ya kibanda cha shimo, anafunga kanga juu ya turubai, pale ambapo mtu aliye chini haoni. Alikuwa amefunga juu ya mashimo mengi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyejua.

Watu wa duara la Kulwa walijua baada ya upepo. Mwamba wenye dhahabu waliokuwa wakiufuata ulikuwa umepotea kwa wiki tatu, bosi wao alikuwa amekasirika na kila mtu, na siku hiyo upepo ukaangusha kanga miguuni pake. Walikuja sokoni wanaume saba, Kulwa miongoni mwao, wakaitupa juu ya meza yangu. Ya rangi ya chungwa yenye maua ya kahawia. Niliijua kabla haijatua.

"Mama," bosi akasema, "hii imetoka kwako. Aliyeinunua ni nani?"

Kabla sijajibu, Kulwa ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Ni yule mzee wa pampu, Mama. Yeye tu ndiye aliyepanda juu ya kibanda. Tunataka kujua ni dawa gani ameweka. Unakaa naye kila siku. Ni mtu mzuri au ni mtu wa mambo yale?"

Msomaji wa huku kwetu anaelewa swali lile lina uzito gani kwa mtu mzee anayeishi peke yake: akishaitwa mchawi, wanaweza kumuua. Neno moja kutoka kwangu lingetosha kumwokoa. Ningesema, namjua kwa miaka tisa, hana dawa, ana hofu tu ya ndege. Ningesema, amenunua kwangu kanga nyingi na huko kote watu wanapata dhahabu. Fundi alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati na ule ukuta hauzuii hata kikohozi. Lakini wale wanaume ndio waliokuwa wakiwanunulia wake zao vitenge kwangu, na mwanangu alikuwa amesimama nao, nikaogopa wasije wakasema mimi na yeye ni kitu kimoja.

"Mimi nauza nguo," nikasema. "Mteja akishatoka hapa, anachofanya nayo si kazi yangu."

Na nikaichukua ile kanga, nikaikung'uta vumbi, nikaikunja.

Hawakumpiga. Kulwa anasema ni yeye aliyewazuia, na ninamwamini kwa kuwa nahitaji kumwamini. Walichukua sanduku la kijani, wakalipeleka kwenye shimo lililoachwa lenye maji, na kumwaga vifaa vyote ndani. Fundi aliwafuata nyuma. Walioshuhudia walisema alisimama kwenye ukingo akihesabu kila kimoja kinavyodumbukia. Siku ya pili karakana ilikuwa na kufuli, na ya tatu hata kufuli halikuwepo.

Miaka miwili ikapita. Kigoda alichokuwa akikalia nilikiingiza ndani, kila mtu alipokikalia nilikasirika bila sababu. Ile kanga sikuiuza. Mwaka huu, baada ya mavuno, dalali mmoja wa tumbaku akanitajia kwamba kuna mzee anatengeneza baiskeli huko Ushetu, anakaa kwa dada yake, na kwamba anahesabu spana zake tatu kila jioni. Nikaacha meza kwa jirani na kupanda gari.

Nilimkuta nyuma ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, amekaa juu ya gogo. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Nilipiga goti nikasema, "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Kulwa. Doto ameshapata mtoto?"

"Wawili."

"Gete?" yaani kweli, akacheka, akaniambia nikae. Dada yake alileta maji, akatuacha.

Nilikuwa nimejipangia hotuba njia nzima. Ilipotea. Nikasema tu, "Fundi, mara tatu ulitaka kunieleza jambo. Leo nimekuja kusikiliza."

Aliweka maji chini. Kisha akaanza, na alisema bila kupandisha sauti.

Asubuhi moja kule, rubani kijana, mtu mpole aliyemwita baba, alimwonyesha picha za jana kwenye kioo cha kompyuta. Ndege ilikuwa imezunguka juu ya pori saa nyingi na kuona kambi ya waasi. Kulikuwa na maturubai ya bluu, moshi, pikipiki zilizofichwa chini ya miti, na mahandaki. Afisa alikuwa amesimama hapo akieleza wamejuaje kwamba ni waasi. Wamehesabu watu arobaini na wote ni vijana wa kiume. Hakuna mwanamke hata mmoja, wala mtoto, wala nguo ya kike kwenye kamba. Kijiji gani hakina mwanamke?

"Nikatazama yale mahandaki," Fundi akasema. "Udongo ulikuwa umemwagwa kuzunguka shimo, sawasawa pande zote. Juu ya shimo gogo limelazwa, na kamba. Pembeni karai. Mama Kulwa, niliona karai. Mbali kidogo kuna mstari wa mawe. Nikajua hapa ni duara, na hawa ni wachimbaji, na nikajua kwa nini hakuna mwanamke. Uwanja mzima ule, Wazungu, Waafrika, maafisa, ni mimi peke yangu niliyejua."

"Ukasema nini?"

"Nilijiambia mimi ni mtu wa injini. Picha zina wenyewe. Nilijiambia labda macho yangu yananidanganya kwa kukumbuka nyumbani. Rubani akaniuliza, baba, ndege iko tayari? Nikahesabu spana." Akanyoosha vidole vyake kwenye magoti. "Zote zilikuwepo. Hakuna kilichopungua. Nikaweka saini."

Niliuliza kilichotokea ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Ilirudi salama. Injini haikukohoa hata mara moja. Afisa akanishika mkono. Wiki iliyofuata redio ya watu wa kule ikasema walikuwa wachimbaji."

"Na kama ungesema, wangekusikiliza wewe, fundi wa kigeni?"

"Sijui. Hapo ndipo panaponiuma. Ningesema wakakataa, ningekuwa na usingizi."

Basi nami nikasema langu. Nilitoa ile kanga ya chungwa kwenye mkoba nikaiweka kati yetu. Nikamwambia siku ile waliponiuliza nilikuwa na la kusema, na nililimeza, na nililimeza kwa ajili ya meza yangu.

"Nilisikia," akasema. "Na nilikuona kwenye tundu la bati. Walipoitupa, wewe uliikunja."

Nililia pale, mwanamke mzima, mbele ya bani la watu. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize. Kisha akaichukua kanga, akaitandaza chini kwenye vumbi, akainuka kwa shida na kurudi nyuma hatua chache, maana ishirini hakuziweza. Akaitazama kwa jicho moja kama zamani. Akarudi, akaikunja, akaniwekea mapajani.

"Mimi nimekaa chini ya bati la dada yangu, hakuna anayenitafuta," alisema. "Kulwa yuko wapi siku hizi?"

"Yuko kulekule."

"Juu ya kibanda chao kuna nini?"

"Turubai."

"La rangi gani?"

"La bluu," nikasema, nikairudisha kanga kwenye mkoba. Alinisindikiza mpaka barabarani, akitembea kwa kusimama simama, na mwenye pikipiki alipowasha, aliuinamia mlio wa injini na kumwambia kijana asafishe plagi.

Nilipeleka kanga machimboni wiki ileile. Nilisimama kwenye mawe meupe nikaita. Kulwa akaja amejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikamweleza yote, kuanzia picha hadi karai. Alisikiliza hadi mwisho, maana ni mtoto msikivu. Kisha akasema, "Mama, hapa kwetu hakuna vita."

"Hata wale hawakujua kama wako vitani," nikamwambia.

"Bosi hatakubali. Ukivuka watanifukuza mimi."

Sikuvuka. Lakini hakuna aliyesema biashara isifanyike upande wa nje. Nimehamisha meza yangu kutoka sokoni na kuiweka hatua tatu kutoka kwenye mawe. Nimefunga kamba kwenye miti minne, na kila asubuhi natundika na kutandaza kanga zangu, chungwa, nyekundu, manjano, hata juu ya vichaka. Vijana wananicheka. Wananiuliza nawauzia nani kanga mahali ambapo hakuna mwanamke. Nawajibu nasubiri wateja. Mauzo yameanguka, Doto ananitumia chochote kidogo, na wale wa sokoni wanasema nimeambukizwa wazimu wa Fundi Ndege.

Nilimpigia simu kumwambia. Sauti yake ilikuwa mbali sana.

"Umetandaza ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne."

"Jioni ukianua, zihesabu."

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake. Mwezi uliofuata aliyepokea simu alikuwa dada yake, na kabla hajasema nilijua. Nilikwenda kuzika. Pale msibani walipitisha daftari la mahudhurio, nikaliandika jina langu lote na kuweka saini.

Jioni jua likishuka naanua kanga moja moja na kuhesabu kwa sauti, na Kulwa akiwa juu ya ardhi huwa ananisikia. Zinatimia kumi na nne. Hata spana zake, asubuhi ile ya saini, zilitimia.